Neno "kontroli" lilinila wiki mbili

Nilipokabidhiwa data ya usemi wa jeni (kiasi ambacho kila jeni inafanya kazi kwenye sampuli) kutoka maabara tatu niiunganishe, nilidhani takwimu ndizo zitakazonisumbua. Kumbe namba zilitulia mapema. Kilichonitoa jasho ni jedwali la maelezo ya sampuli: sampuli 412, na kila maabara ina msamiati wake. Ini peke yake lilikuwa limeandikwa "ini", "INI", "tishu ya ini", "hepatiki", na "ini" jingine lenye nafasi tupu mwishoni, ambayo huioni hata ukikodoa macho. Kwa kompyuta hizo ni tishu tano.

Nikaanza na Uberon, ontolojia ya viungo vya mwili wa wanyama, yaani msamiati wa pamoja ambapo kila kitu kina msimbo wake na uhusiano wake na vingine. Humo ini ni UBERON:0002107, liwe la mtu au la panya. Spishi unaitaja kwenye kolamu nyingine kwa namba ya taksonomia ya NCBI, hifadhidata ya Marekani ya taarifa za kibiolojia, 9606 kwa binadamu na 10090 kwa panya mdogo wa maabara (Mus musculus). Nikaiachia programu ifananishe maneno yenyewe, na jioni tishu zote zikawa na misimbo. Nikajipongeza.

Kesho yake nachungulia sampuli za ubongo, nakuta UMOD iko juu sana. UMOD ni jeni ya figo! Nikarudi kwenye jedwali la awali: mtu aliandika "gamba" tu, akimaanisha gamba la figo, na programu ikaipeleka sampuli yake kwenye gamba la ubongo. Bahati nzuri sikuwa nimefuta maneno ya mwanzo. Tangu hapo msimbo naupa kolamu yake, na neno la mwenye sampuli siligusi.

Tatizo la pili lilikuwa HepG2. Maabara moja iliziita "ini", ilhali ni seli zinazokuzwa kwenye sahani, zilizotokana na uvimbe wa ini la kijana wa miaka 15. Kuzichanganya na vipande vya ini zima ni kutafuta tofauti za uongo. Nikaivunja kolamu moja ya tishu kuwa nne: tishu, aina ya seli, laini ya seli (seli za asili moja zinazoendelea kukuzwa maabara, kama HepG2), ugonjwa. Hepatositi, yaani seli kuu za ini, zilizotengwa zikapata CL:0000182 ya Cell Ontology, ontolojia ya aina za seli, na hapo ndipo nilipoona utamu wa ontolojia kuliko orodha ya kawaida: inajua hepatositi ni sehemu ya ini, kwa hiyo nikitafuta ini nazipata, bila kuzisingizia kuwa ini zima.

Halafu "kontroli", yaani sampuli za kulinganishia. Maabara zote tatu zimelitumia, na hakuna msimbo uliokuwa na msaada wowote, maana sikujua ninachokipa msimbo. Ikabidi niandike barua pepe. Maabara ya kwanza ilijibu kwamba ni seli ambazo hazikupewa kitu. Ya pili, seli zilizopewa DMSO, yaani kiyeyushi cha dawa bila dawa yenyewe. Ya tatu ilikaa kimya siku tisa, kisha ikanitumia picha ya ukurasa wa daftari: tishu isiyo na ugonjwa, iliyokatwa kandokando ya uvimbe wa mgonjwa yuleyule. Mimi nilishaziandika "mtu mwenye afya". Nikafuta, nikaanza upya na sampuli hizo 38 za maabara ya tatu.