Vijitabu vya kuzimu na sahani ya mbaazi

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Kona moja ya meza yangu ya kukatia imejaa karatasi. Wahubiri wakipita huacha vipeperushi, wateja huacha vijitabu vya ushuhuda. Nimekuwa mkali juu ya kipi kikae pale na kipi kiondoke, na nina sababu.

Binti ninayemfundisha kazi alikolea vile vijitabu vya kuzimu. Mnavijua: mtu anasimulia alivyokuwa wakala wa shetani, akala nyama za watu chini ya bahari, kisha akaokoka. Mchana anasoma hivyo, usiku anasikiliza vingine kwenye simu. Baada ya muda akaanza kumkwepa jirani yetu, mama wa Kiislamu anayetuletea mbaazi za nazi na maandazi asubuhi. Siku moja sahani ya binti ilikaa imefunikwa mpaka saa nane mchana, tui limeganda juu. Nikamuuliza kulikoni.

"Mama, siku hizi huwezi kujua mtu katia nini kwenye chakula."

Mama huyo huyo ndiye aliyekesha naye alipofiwa na baba yake.

Iliniuma sana. Kijitabu hakikumwambia amwache Yesu. Jina la Yesu limejaa kila ukurasa. Lakini kilimfundisha kumwona kila jirani kuwa ni mtego, na sala zake zikabaki kukemea na kuvunja tu. Shukrani hamna, kuwaombea wengine hamna. Kwangu huo ni ugonjwa wa imani, na aliuokota katika kusoma.

Sikumkataza kusoma. Nilimpa Injili ya Luka, sura moja kila asubuhi kabla hatujawasha pasi, asome kwa sauti nami nikikata. Luka ana sura 24, mwezi hauishi umeimaliza. Pepo wamo humo, na Yesu anawatoa, tena bila mbwembwe, kisha anaketi kula na watoza ushuru. Tulipofika sura ya 10, kwa yule Msamaria aliyezitia mafuta na divai jeraha za mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, binti akaacha kusoma.

"Kwani huyu hakuwa wa dini yao?"

Nikamwambia Wayahudi na Wasamaria walikuwa hawachangamani, na Yesu alimchagua huyo makusudi. Kesho yake sahani aliirudisha mwenyewe, akakaa barazani kwa yule mama mpaka nikamwita kazini.

Imani yetu huku ilikuja pamoja na kusoma. Pale Magila, Muheza, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa wakichapa gazeti la Kiswahili, Habari za Mwezi, tangu miaka ya 1890. Bibi yangu alikulia upande huo. Aliniachia Biblia yake, ile tafsiri ya 1952, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia. Paulo naye, akiwa kifungoni, anamwandikia Timotheo amletee joho na vile vitabu, hasa vile vya ngozi. Mzee kachoka, anaona baridi, na bado anataka vitabu vyake!

Wapo wanaoniuliza kwa nini kwenye kona ile nimeweka pia Shaaban Robert, na alikuwa Mwislamu. Ni mwana wa Tanga, kazaliwa Vibambani mwaka 1909, na nikimsoma narudi kazini nikiona aibu kumcheleweshea mteja nguo yake. Kitabu kinachonifanya niwe mwaminifu kwa mteja sioni kwa nini nikiogope.

Ninachokiogopa zaidi ni ujumbe wa simu. "Tuma kwa watu kumi, utapokea muujiza kabla ya usiku." Kwenye kundi la akina mama wa kanisani nimezoea kuuliza jambo moja tu: mstari wa maneno hayo uko wapi katika Biblia? Watu wa Beroya, Matendo 17, walimsikia Paulo mwenyewe na bado wakayachunguza maandiko kila siku. Mwanzoni mama mmoja alinuna, akasema nazima Roho. Tukafungua Biblia pamoja, tukatafuta, ule mstari haukuwamo. Sasa ujumbe wa namna hiyo ukiingia, yeye ndiye wa kwanza kuuliza.