Mzee wa Zege Anapostaafu

Mzee wetu wa maabara ya zege anastaafu mwisho wa mwezi huu. Katika kampuni nyingi habari ya namna hiyo huishia kwenye ubao wa matangazo, keki na picha ya pamoja. Kwetu sisi, kampuni ndogo ya upimaji iliyojibanza Nyakato, Mwanza, katikati ya karakana na viwanda, imenilazimu kufungua jedwali la wafanyakazi na vipimo walivyoidhinishwa, kufuta jina moja katika mistari tisa, na kuandika barua kwa chombo kilichotupa ithibati, yaani uthibitisho kwamba tuna uwezo wa kufanya vipimo vyetu. Nimesimamia ubora hapa kwa miaka kadhaa, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kuona kwamba maabara haina habari ya mfanyakazi isiyogusa majibu yanayotoka mlangoni.

Wateja wanaotuletea kyubu za zege (vipande vya mchemraba tunavyoviponda kupima nguvu ya zege), nondo, kokoto na udongo, au wanaotuita tukakague maungio ya kulehemu kwenye matangi na mabomba, huiamini zaidi mashine. Huuliza imetengenezwa nchi gani, ina cheti cha ugezi, yaani cha kuhakikiwa kwamba inapima sawasawa, cha lini, na kama inaonyesha namba yenyewe au fundi anasoma mshale. Ni maswali ya haki, na huwa nafurahi yakiulizwa. Lakini kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, ISO/IEC 17025, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1999, kikarekebishwa mwaka 2005 na tena mwaka 2017, hakiishii kwenye mashine. Kinaitaka maabara iandike kila kazi inahitaji mtu mwenye elimu na ujuzi gani, imfundishe, imsimamie, imwidhinishe, na baada ya hapo iendelee kumwangalia asije akalegea. Idhini hutolewa kwa mtu mmoja mmoja na kwa kazi moja moja, kiasi kwamba aliyeruhusiwa kuponda kyubu hana ruhusa ya kutia saini ripoti ya udongo, hata kama dawati lake liko mita mbili kutoka kwenye ungo wa kuchekechea. Mkaguzi wa ithibati akija, awe ametumwa na SADCAS yenye makao yake Gaborone, ambayo huhudumia maabara za nchi nyingi za SADC pamoja na Tanzania, au na chombo kingine, huchukua ripoti moja kutoka kabatini na kutaka aonyeshwe nani alifanya kipimo kile, na siku ile alikuwa ameruhusiwa na nani.

Hapa Mwanza hakuna haja ya kutumia maneno mengi kumweleza mtu thamani ya karatasi ya maabara. Waliokuwa viwandani mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu kwamba walikuwa wakivuliwa kwa sumu, wanakumbuka jinsi sangara alivyokosa soko ng'ambo hadi wanunuzi waliporidhishwa na ukaguzi na vipimo. Sisi hatupimi samaki, ila somo ni lile lile.

Niseme kosa lililonifundisha haya, kwa kuwa lilikuwa langu. Mwaka juzi Mzee alikwenda likizo kwao Magu, nami kwa kutotaka kazi ilale nikamwidhinisha kijana aliyekuwa na miezi miwili tu kazini. Cheti chake cha chuo kilikuwa safi, alikuwa amemwona Mzee akiponda kyubu mara nyingi, na fomu ya idhini niliijaza nikiwa nimesimama, simu begani. Wiki hiyo tulipokea kyubu sita za zege la daraja la 25, yaani linalotakiwa kufikisha nyutoni 25 kwa kila milimita mraba siku ya 28, kutoka kwenye nguzo za jengo la ghorofa: tatu za kupondwa siku ya 7, tatu za kupondwa siku ya 28. Zege la daraja hilo hutarajiwa kufikisha takribani theluthi mbili ya nguvu yake katika siku saba za mwanzo, kwa hiyo tulitegemea kuona namba ya 17 au zaidi. Wastani ukaja nyutoni 13.4 kwa kila milimita mraba. Hesabu ya kijana haikuwa na kasoro hata kidogo: kilonyutoni 302 zikigawanywa kwa milimita mraba 22,500, ambazo ni eneo la uso wa kyubu ya milimita 150. Mashine ilikuwa ndani ya muda wa ugezi. Mkandarasi akapiga simu kuuliza, akatumiwa namba kwa WhatsApp kabla ripoti haijatiwa saini, na kufikia jioni mhandisi mshauri alikuwa amesimamisha umwagaji wa zege na mafundi wameambiwa warudi nyumbani.

Mzee alirudi Jumatatu. Alitusalimia "Mwangaluka" kama kawaida yake, akatundika kofia, akapita kwenye kona tunakoweka mabaki. Utaratibu wetu ni kwamba kyubu iliyopondwa hukaa siku saba ikiwa na lebo yake, jambo ambalo wapya huliona kuwa ni kutunza takataka. Aliinama, akaokota kipande kimoja, akapitisha dole gumba juu ya uso uliokuwa na alama za mwiko, kisha akakigeuza upande wa pili na kukaa kimya kidogo.

"Bwana mdogo, huu uso wa mwiko uliuelekeza wapi?"

"Juu, mzee. Kama ilivyokuwa kwenye kalibu."

Mzee hakusema neno jingine. Alikirudisha kipande pale alipokitoa na kwenda kuosha mikono.

Kyubu ina nyuso sita. Tano zimelalia chuma cha kalibu na hutoka zikiwa bapa, lakini ule wa juu umesawazishwa kwa mwiko na mkono wa mtu, nao haukosi vinundu na mabonde hata ukionekana laini kwa macho. Ndiyo maana kyubu hulazwa ubavu kabla ya kupondwa, ili sahani za mashine zibane nyuso mbili zilizogusa chuma. Ukiuweka uso wa mwiko chini ya sahani, mzigo wote hubebwa kwanza na vinundu vichache na kyubu hupasuka kabla ya wakati wake. Iliyopondwa sawasawa huacha umbo linalofanana na piramidi mbili zilizogusanishwa vichwa, pande zote nne zikiwa zimemeguka karibu kwa kiasi kimoja. Zile tatu zilikuwa zimepasuka upande mmoja kama mkate uliomeguliwa kwa pupa, na kijana hakujua kwamba umbo la mabaki nalo ni sehemu ya jibu, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Kyubu iliyopondwa hairudiwi. Tuliandika barua ya kuyafuta majibu, tukawaeleza mkandarasi na mhandisi sababu bila kuificha, tukafungua taarifa ya kazi isiyokidhi kiwango, tukasubiri wiki tatu zile nyingine zikomae. Siku ya 28 Mzee alizilaza mwenyewe, kijana akashika kidhibiti cha mzigo, na wastani ukawa 27.8. Zege halikuwa na tatizo lolote. Mafundi wale walikaa wiki tatu bila ujira kwa sababu ya upande ambao kyubu iliwekewa, na mkandarasi yule hakukanyaga kwetu hadi mwaka jana.

Katika kikao cha kutafuta chanzo cha tatizo, wenzangu wawili walipendekeza tuandike "uzembe wa fundi". Nilikataa, na bado naamini nilikuwa sahihi, kwani fundi alifanya kile alichojua na aliyempa kalamu ya kutia saini kabla ya wakati ni mimi. Tukaandika hivyo. Tangu siku hiyo anayejifunza huponda seti kumi akiwa amesimamiwa, kisha hupewa picha za mabaki bila maelezo aseme ipi imevunjika vizuri na ipi imevunjika vibaya, na matokeo yake hulinganishwa na ya mtu mwingine kwenye zege lililochanganywa kwa pamoja. Namba haitoki kwa simu kabla ya saini, hata mteja akilalamika kwamba mashine ya saruji inamsubiri.

Kijana huyo ndiye anayeichukua nafasi ya Mzee kwenye zege kuanzia tarehe 1 Julai. Simwombei huruma ya mtu, kwa maana hakuna anayekagua nyuso za kyubu kwa makini kumzidi.

Yapo pia mambo ya hapa kwetu ambayo anayetoka chuo hulazimika kuyajua kwa kuyaona. Kiwango cha Ulaya tunachokifuata kinataka kyubu zikae kwenye maji yenye nyuzi 20, zisizidi wala kupungua kwa zaidi ya 2, na maji ya bomba yanayotoka ziwani sijawahi kuyakuta na nyuzi 20 hata mwezi wa Julai. Tanki letu lina kipoza maji, na umeme ukikatika mtu huandika halijoto kwenye daftari kila saa mpaka urudi. Mwezi uliopita binti aliyekuja mafunzo kwa vitendo aliambiwa ahakiki kipimajoto kwa maji yanayochemka, akaniletea kikiwa kwenye kitambaa, uso umemshuka: "Samahani, kaka, hiki kimeharibika, kinaishia tisini na sita." Hakikuwa kimeharibika. Uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 na ushei. Nilimpa alama nzuri kwa kuileta namba aliyoiona badala ya kuandika 100 aliyofundishwa.

Habari ya pili ni ya mkaguzi wetu wa maungio ya kulehemu, mama ambaye cheti chake cha ngazi ya pili cha upimaji kwa mawimbi ya sauti kimehuishwa kwa miaka mitano mingine. Watu hudhani kazi imekwisha hapo. ISO 9712, kiwango kinachohusu ujuzi wa wanaopima vyuma bila kuviharibu, kinataka pia macho ya karibu yapimwe kila mwaka: mtu asome herufi ndogo za ukubwa wa N4.5, au J1 kwenye kadi za Jaeger, kwa umbali usiopungua sentimita 30. Mwaka huu nilimwona akiisogeza kadi polepole mbali na uso wake, akakunja kipaji, akasema, "Herufi zenu mmezipunguza." Tulicheka, lakini fomu haikucheka. Kiwango kinaruhusu miwani, kwa hiyo alikwenda kwa daktari wa macho, akarudi wiki iliyofuata, akasoma mistari yote, nami nikaongeza kwenye faili lake kwamba ameidhinishwa akiwa amevaa miwani. Maana yake ni kwamba akiisahau nyumbani, siku hiyo hakagui. Mwezi Mei ilitokea hivyo kweli, tukampandisha bodaboda kuifuata Buhongwa huku mabomba na wachomeleaji wakisubiri.

Mama huyo huyo aliletewa sato wawili wakubwa getini na mteja ambaye tangi lake lilikuwa limefaulu siku iliyotangulia. Sioni kwamba mteja alikuwa na nia mbaya, kwa kuwa huku kwetu kumpelekea mtu mboga ni uungwana. Lakini wiki mbili baadaye tangi lake la pili lilikuwa linakuja kukaguliwa, na toleo la 2017 la ISO/IEC 17025 linaanza masharti yake kwa kutopendelea kabla hata ya kutaja mashine. Samaki walirudishwa kabla barafu haijayeyuka, na tukio likaandikwa kwenye rejista. Mlinzi amenisema hadi leo.

Vijana wawili wametuacha mwaka huu kwenda kwenye miradi. Siwezi kuwalaumu: ujenzi wa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, pamoja na reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, imewafanya mafundi wa maabara wa kanda hii watafutwe, na mshahara wetu haushindani. Ninacholalamikia ni taarifa ya siku tatu. Mtu akiondoka kwa siku tatu, hakuna anayepata muda wa kusimamiwa seti kumi.

Pengo kubwa zaidi ni la udongo. Mzee alikuwa mtia saini pekee wa vipimo vya CBR, yaani vya uwezo wa udongo wa barabara kubeba mzigo, ambavyo sampuli yake hulowekwa siku nne kabla ya kusukumwa na mhimili wa mashine, na aliyekuwa akifundishwa kushika nafasi hiyo ni mmoja wa wale wawili walioondoka. Mkurugenzi alipendekeza Mzee aendelee kutia saini akiwa nyumbani, tumpelekee ripoti Magu kwa gari la abiria. Nilimjibu kwamba hatuwezi kumwomba mtu atie saini kazi ambayo hakuiona wala kuisimamia, na Mzee mwenyewe, aliyekuwa amekaa pale akimenya chungwa, akasema, "Mkurugenzi, mimi saini yangu naiacha hapa kabatini pamoja na koti." Tukakubaliana kwamba tunasimamisha CBR kuanzia tarehe 1 Julai hadi apatikane mtu na amalize usimamizi wake, na barua kwa wateja zimekwenda.

Jana alikuja mkandarasi wa barabara kutoka Misungwi na magunia sita ya kifusi kwenye pikapu. Tulimweleza kwamba loweko la siku nne likianza leo litakamilika Mzee akiwa bado kazini, ila magunia mengine asituletee wiki ijayo. Alishusha sita, akahesabu siku kwa vidole, akauliza ni maabara gani nyingine tunayoweza kumwelekeza, nasi tukamwelekeza.