Bima ya gari kwa bei nafuu: kila dereva na hesabu yake

Magari mawili ya aina moja na ya mwaka mmoja yanaweza kulipiwa bima kwa bei zinazopishana mara mbili, na hakuna mwenye gari aliyeibiwa. Bei hufuata majibu ya maswali machache: nani anaendesha, kwa shughuli gani, kilomita ngapi kwa mwaka, gari linalala wapi, lina thamani gani, na rekodi ya madai ikoje. Kwa hiyo anayetafuta bima nafuu ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuhakikisha majibu yake ni ya kweli na yameandikwa sawasawa. Ya pili ni kuamua ni hasara zipi anaweza kuzibeba kwa mfuko wake mwenyewe, ili asiilipe kampuni izibebe kwa niaba yake.

Tuanze na hiyo ya pili, maana ndiyo yenye pesa nyingi.

Bima ndogo, ya mtu wa tatu, hulipa madhara unayowasababishia wengine. Ya kati huongeza moto na wizi. Bima kubwa hufidia na gari lako mwenyewe. Watu wengi wakitaka kupunguza gharama hukimbilia kushusha kikomo cha fidia kwa mtu wa tatu, na hapo wanakosea kabisa. Gari lako likiharibika lote, hasara yako haivuki thamani ya gari. Ukimjeruhi mtu, au ukagonga gari la gharama kubwa, deni halina dari. Kabla ya kupunguza chochote, soma kikomo cha uharibifu wa mali ya mtu wa tatu, kwa sababu mara nyingi ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, na kukipandisha huwa hakuongezi ada sana. Akiba itafutwe upande wa gari lako.

Upande huo una eksesi, yaani ile sehemu ya hasara unayojilipia kabla kampuni haijatoa chochote. Tuseme eksesi ni 20,000, na ukikubali iwe 50,000 ada inapungua kwa 6,000 kwa mwaka. Umejiongezea hatari ya 30,000 ili uokoe 6,000, kwa hiyo ukikaa miaka mitano bila dai umerudisha hela yako, na kuanzia hapo ni faida. Dereva anayegongesha gari kila baada ya miaka miwili asithubutu. Aliyekaa miaka minane bila mkwaruzo analipia eksesi ndogo bure. Ila uliza kama eksesi zinajumlishwa: kampuni nyingi huwa na eksesi ya kawaida, kisha nyingine kwa dereva kijana au mwenye leseni mpya, kisha ya wizi kwa gari lisilo na kifaa cha kulifuatilia. Mtu anadhani atalipa 50,000, siku ya dai anaambiwa 90,000. Na hizo 50,000 ziwepo mahali, si za kwenda kukopa gari likiwa tayari kwa fundi wa bodi.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye thamani unayoandikisha. Pale ambapo ada ya bima kubwa hutozwa kama asilimia ya thamani ya gari, kishawishi cha kuandika thamani ndogo ni kikubwa. Gari la 1,000,000 ukiliandikisha kwa 600,000, ada hushuka, ni kweli. Lakini mikataba mingi ina kipengele cha uwiano: umelipia asilimia 60 ya thamani, basi unafidiwa asilimia 60 ya hasara. Bampa, taa na boneti zikigharimu 200,000, kampuni inahesabu 120,000, kisha inakata eksesi. Kuandikisha kupita kiasi nako hakusaidii. Ukiandika 1,400,000, unalipa ada ya 1,400,000, na gari likiibwa kwa kawaida unapewa bei ya soko ya siku hiyo, yaani 1,000,000 au pungufu. Kila mwaka kabla ya kuhuisha, angalia magari ya aina yako, ya mwaka huo na kilomita zinazokaribiana, yanauzwaje, kisha rekebisha thamani. Wanaohuisha kwa kubonyeza tu “endelea” huwa wanalipia gari la miaka mitatu iliyopita.

Sasa madereva wenyewe.

Kijana au mwenye leseni mpya hulipa zaidi kwa sababu hana rekodi, na kundi lake hupata ajali nyingi kuliko waliokomaa barabarani. Njia inayomsaidia kwa haraka ni kuchagua gari kabla ya kulinunua kwa kuuliza bei ya bima yake kwanza. Injini ndogo husaidia, lakini kuukuu hakumaanishi nafuu: gari ambalo vipuri vyake ni adimu, au linalopendwa na wezi, lina ada ya juu hata kama lilinunuliwa kwa bei ya kutupa. Rimu kubwa, springi zilizokatwa na ekzosi ya kelele hupandisha ada zikitajwa, na zisipotajwa huwa sababu ya kukataliwa dai.

Njia nyingine ni bima inayopima uendeshaji kwa kifaa kinachofungwa kwenye gari au kwa programu ya simu. Hupima mwendo, breki za ghafla, kona zinazokatwa kwa kasi, saa za usiku na kilomita. Kwa kijana mtulivu inaweza kuwa nafuu halisi. Yanayoharibu ni madogo: programu ikihesabu safari uliyopanda basi kana kwamba uliendesha wewe, simu ikizimika katikati ya safari, au gari kuazimwa na rafiki mwenye mguu mzito. Fungua ripoti kila wiki na ufute safari zisizo zako mapema, maana zikishakaa kwenye alama zako za uendeshaji ni kazi kuziondoa. Uliza pia kama alama mbaya hupandisha ada au hukunyima punguzo tu. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Halafu kuna ujanja ambao wazazi huufanya kwa upendo: gari linatumiwa na mtoto kila siku, lakini linaandikwa kwa jina la mama kama dereva mkuu, na mtoto anatajwa kama wa mara mojamoja. Huo ni udanganyifu, na kampuni huugundua siku ya ajali kwa kuuliza tu gari lilikuwa linalala wapi na linaenda chuo cha nani. Kumtaja kijana kama dereva wa ziada kwenye gari ambalo mzazi ndiye analitumia zaidi ni halali na huwa nafuu. Ubaya wake ni kwamba miaka hiyo si lazima imjengee kijana punguzo lake mwenyewe la kutodai, yaani lile linalokua kila mwaka usipodai. Muulize wakala, na jibu liwe kwa maandishi.

Mzee aliyestaafu yuko kwenye hali ya ajabu kidogo: kwa miaka mingi ada yake ilikuwa ikishuka, kisha kwa umri fulani inaanza kupanda tena. Dawa yake ya kwanza ni kubadilisha matumizi yaliyoandikwa. Wengi bado wameandikishwa kama watu wanaoendesha kwenda kazini kila siku, ilhali gari sasa linatoka mara mbili kwa wiki. Apunguze kilomita, aondoe majina ya watoto waliokwisha kuhama, na aeleze hali ya macho au maradhi yanayopaswa kutajwa. Ugonjwa uliofichwa unaweza kuigharimu familia dai zima.

Anayeendesha kidogo, awe na umri wowote, atafute bima ya kulipia kilomita: kuna ada ya msingi na kiasi kidogo kwa kila kilomita. Piga picha ya mita ya gari siku ya kuanza na siku ya kuhuisha. Kama makadirio yako yalikuwa kilomita 6,000 na mwezi wa nane umeshafika 7,500, toa taarifa mara moja, kwani nyongeza ya ada ni ndogo kuliko mzozo wa baadaye.

Anayebeba abiria kwa programu, anayepeleka vifurushi au anayekodisha gari lake asijidanganye na bima ya matumizi binafsi. Hapa hakuna njia ya mkato. Kazi ya namna hii ina vipindi vitatu: programu imewashwa unasubiri mteja, umemkubali unamfuata, na umembeba. Kampuni ya programu inaweza kukukinga kwenye kipindi cha tatu na kukuacha uchi kwenye cha kwanza, huku bima yako binafsi nayo ikikataa vyote vitatu. Omba maelezo ya kila kipindi kivyake. Ukishakata bima ya biashara, akiba itoke kwingine: punguza idadi ya madereva wanaoruhusiwa, funga kifaa cha kufuatilia gari kinachotambuliwa na kampuni, egesha gari kwenye uwanja wenye geti, na taja eneo halisi unalofanyia kazi.

Mwenye rekodi ya ajali au makosa ya barabarani ndiye hufanya kosa la kuficha. Kampuni huuliza miaka kadhaa ya nyuma, aghalabu mitatu hadi mitano, na baada ya hapo kwa kawaida kosa halihesabiwi tena. Andika tarehe kamili za kila tukio. Kama ajali yako inatoka kwenye kipindi hicho mwezi mmoja baada ya kuhuisha, omba bei tena ikishatoka, ila kabla ya kuhama pima punguzo hilo dhidi ya gharama ya kuvunja mkataba. Usiache bima ikatike katikati: pengo kwenye rekodi nalo hupandisha bei, na “uliwahi kufutiwa bima?” ni swali lililomo kwenye fomu nyingi. Kundi hili linafaidika sana na broka, yaani dalali wa bima, kwa kuwa anajua kampuni zipi hupokea rekodi ya namna gani. Dereva mwenye rekodi safi na gari la kawaida mara nyingi anaweza kujitafutia mwenyewe.

Kwa waliojenga punguzo la kutodai, kuna hesabu ambayo watu huisahau wakiwa wamekasirikia dereva aliyewagonga kwa nyuma kisha akatoroka. Chukua ada ya msingi ya 100,000, punguzo lako ni asilimia 40, na mwakani lingefika 50, ambayo ni kilele. Kwa masharti ya kampuni yako, dai moja linakushusha ngazi mbili, hadi 20. Bila dai, miaka mitatu ijayo ungelipa 50,000 kila mwaka. Ukidai, utalipa 80,000, kisha 70,000, kisha 60,000. Dai limekugharimu 60,000. Kama ukarabati ni 75,000 na eksesi ni 20,000, kampuni itakupa 55,000. Umejipunja 5,000 na kupoteza siku nyingi za kufuatilia makaratasi. Lakini hata usipodai, toa taarifa ya ajali kama mkataba unavyotaka, ukieleza kwamba ni taarifa tu, kwa sababu mtu wa tatu anaweza kuibuka na madai miezi sita baadaye. Na ile nyongeza ya ada unayoweza kulipa ili kulinda punguzo hulinda asilimia peke yake. Ada ya msingi inaweza kupanda vilevile baada ya dai.

Gari likizeeka, linganisha bima kubwa na ndogo kwa tofauti ya ada. Gari la 300,000 lenye eksesi ya 40,000 haliwezi kukupa zaidi ya 260,000. Kama tofauti ya ada ni 35,000, unanunua kinga ambayo hurudisha gharama pale tu gari linapopotea mara moja katika miaka saba na nusu hivi, na kila mwaka thamani inazidi kushuka. Kama unaweza kununua gari jingine la namna hiyo bila kuyumba, hama. Kama gari ndilo linalokulisha, baki hata kama hesabu inasema vingine. Na kama gari liko kwenye mkopo, mkopeshaji kwa kawaida hukulazimisha bima kubwa, basi usipoteze muda.

Ukienda kutafuta bei, anza wiki tatu au nne kabla ya bima kuisha. Andika karatasi moja yenye thamani, eksesi, matumizi, kilomita, madereva na vikomo, na uitumie hiyohiyo kwa kila unayemuuliza. Bei tano zenye eksesi tano tofauti hazilinganishiki. Usiombe kwa mabroka watatu kwa mkupuo bila kujua wanakopeleka, wasije wakabisha hodi kwenye kampuni ileile. Uliza kama ukarabati hufanywa kwa fundi wao tu, kama vipuri vipya hukatwa uchakavu, na kama kioo cha mbele kina kikomo chake.

Malipo ya awamu yahesabu yote. Ada ya 60,000 ikigawanywa mara 12 kwa 5,600 inakuwa 67,200. Kwa kuwa deni linapungua kila mwezi, riba halisi inavuka asilimia 20 kwa mwaka. Uliza pia ukivunja mkataba katikati unarudishiwa kiasi gani: kampuni nyingi hutumia jedwali la muda mfupi, na mtu anayeuza gari baada ya miezi sita hupata pungufu ya nusu.

Hati ikifika, isome siku hiyohiyo. Namba ya usajili, namba ya chesisi, majina na tarehe za leseni, aina ya matumizi, saa ambayo kinga inaanza. Tarakimu moja iliyopinda kwenye chesisi leo hurekebishwa kwa ujumbe mmoja, na siku ya wizi inaweza kukuchukua miezi.