Siku moja na ndoo ya rangi, Sekei

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwezi wa saba hapa Arusha hakuna anayetoka kitandani kwa kupenda, lakini kwa baridi hii rangi ya maji inakaa ukutani inakutazama tu, haikauki. Jua likichungulia, likukute uko juu ya ngazi. Chai ya rangi, kiporo cha jana, tunatoka Mianzini kwa miguu. Mimi nimebeba ndoo, dogo wangu kabeba ngazi na malalamiko.

Saa moja tupo Sekei. Ukuta wenyewe naujua vizuri. Palikuwa na fremu tatu: kinyozi, fundi cherehani na mama wa maandazi. Mwaka jana mwenye nyumba alipandisha kodi, tena akaitaka ya mwaka mzima kwa mkupuo, wakahama wote. Fremu zimetobolewa zikawa moja, na wiki ijayo inafunguliwa kafe. Kikombe cha kahawa iliyolimwa hapo juu kwenye miteremko ya Meru kitauzwa bei ya sahani mbili za wali maharage. Sitasema neno, nimeshakula advansi.

Saa mbili mpaka saa tano ni msasa. Wapita njia wanaona watu wawili wanasugua ukuta, wanadhani tumekosa kazi. Kichwa tunachokisugua nilikichora mwenyewe mwaka 2012, tangazo la yule kinyozi: jamaa kanyoa kiduku, anatazama barabara kwa dharau. Nilitumia rangi ya mafuta, na juu ya rangi ya mafuta huwezi kupaka ya maji hivi hivi, itabanduka kama ganda la kiazi. Lazima ukwaruze mpaka mng'ao wote uishe. Kwa hiyo saa tatu nzima namkwaruza jamaa uso. Alikuwa mzuri, nisijifiche. Zile herufi za KARIBU TUKUNYOE nilizikata kwa mkono, bila rula.

Saa tano akaja mwenye kafe, na hapo siku ikaharibika.

Dada mwenyewe si mtu mbaya. Kakulia Njiro, akakaa nje miaka, karudi na mtaji na mbia. Mbia kabaki huko huko, ukuta anauona kwa simu. Basi simu ikaelekezwa ukutani, ikaelekezwa kwangu, ikarudi ukutani. Mbia anataka Tingatinga, ule mtindo wa kuchora wanyama kwa rangi kali. Hiyo naiweza. Ila anataka iwe "ya kale kabisa, ya mababu". Nikaanza kueleza nikiwa nimeshika ngazi kwa mkono mmoja: mzee Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye vipande vya masonaiti, kwa rangi za baiskeli, akafariki 1972. Babu yangu alimiliki redio kabla ya Tingatinga. Dada alicheka. Mbia hakucheka, labda mtandao ulikuwa unakatakata.

Ukafuata mlima.

"Kaka, mbona umechongoka hivyo?"

"Ni Meru, dada. Geuka nyuma."

Akageuka. Mawingu matupu. Msimu huu Meru unaweza kujificha siku kadhaa, umuaibishe mtu mbele ya mteja.

"Anasema wageni watatafuta Kilimanjaro."

"Kilimanjaro iko Moshi."

"Si ni hapo tu?"

Kilometa 80, dada. Nikafuta chaki, nikachora kilele bapa chenye theluji. Simu ikanong'ona: sasa unafanana na meza. Nikafuta. Kisha jina la kafe: kwanza lijae ukuta mzima, halafu dada akakumbuka kwamba ada ya mabango inaangalia ukubwa, likawa dogo, halafu likawa dogo mno, halisomeki kutoka barabarani. Mara ya nne nikamwomba ashike chaki yeye. Akachora mstari, akautazama, akanirudishia. Jua la maana tulilokuwa nalo siku hiyo lilipita juu ya mabishano hayo, na mlima ukabaki Kilimanjaro. Kwa miaka niliyofanya kazi hii sijawahi kuombwa Meru.

Tulikula makande, sijui saa ngapi.

Mchana akatokea dalali na wateja wawili. "Bro, shuka kidogo tupige picha." Nikashuka, mgongo nao ulikuwa umeomba. Anawaambia huu ndio mtaa wa michoro, fremu zimebaki mbili, na kilemba, ile pesa ya kuachiwa fremu, kitapanda mwisho wa mwezi. Mtaa wa michoro! Mimi nimezaliwa hatua chache kutoka hapa, jina hilo nimelisikia kwake. Michoro yenyewe ni miwili, na yote nimechora mimi.

Kuna kona ya chini ambayo hakuna aliyenipa maelekezo. Hapo nilifanya kazi bila kusema na mtu. Nikamchora mama wa maandazi, karai lake, kanga kaifunga kiunoni, na kile kijiti alichokuwa anageuzia, ambacho ncha moja ilikuwa imeungua ikawa nyeusi. Niliichora nyeusi. Simu iliporudi mbia akasifu, akauliza picha hiyo nimeitoa mtandao gani. Nikasema nimeitoa kichwani.

Jioni jua likatoka tena, limechelewa kama fundi. Likapiga ukuta kwa ubavu, na chini ya twiga, mbele ya kilele cha theluji, likajitokeza sikio. Sikio la jamaa wa kiduku, kingo zake bado zimevimba kidogo chini ya rangi mpya. Dogo akaniangalia. Tukaanza kukusanya brashi.

Njiani kinyozi kapiga simu. Kahamia Muriet, anataka tangazo Jumapili, kichwa kile kile ila kiduku kitoke, hakuna anayekinyoa tena. Rangi nyeusi ya mafuta ninayo nusu kopo, thina ipo. Pesa hana, anasema atanilipa kwa kuninyoa.

Nikamwambia na dogo pia.