Nilivyoipata Star TV chini ya mawe ya Mabatini bila busta

Mafundi wengi wa hapa Mwanza watakwambia ukikaa nyuma ya mlima, televisheni ya antena uisahau: lipia dishi au nunua busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi. Nakataa. Mgahawa wangu uko Mabatini, mawe makubwa yamesimama nyuma yangu kama ukuta, na Star TV inaonekana kuanzia supu ya asubuhi hadi ugali wa usiku, bila malipo ya mwezi. Naandika haya kwa sababu ushauri mbaya umenila hela, na busta bado zinauzwa kwa maneno yaleyale.

Kwa nini nilihangaikia Star TV? Stesheni kubwa za biashara za nchi hii nyingi zimezaliwa Dar es Salaam. ITV ya marehemu Mengi ilianza 1994, wakati huku Bara serikali haikuwa hata na televisheni yake, ingawa Zanzibar walikuwa na ya kwao, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Star TV ni ya huku kwetu. Ni ya Sahara Media ya Anthony Diallo, nyumba moja na Radio Free Africa na Kiss FM, makao yake Mwanza. Wateja wangu ni madereva wa daladala, wavuvi, akina mama wa dagaa kutoka Kirumba. Jambo likitokea Ukerewe au Sengerema wanataka kuliona, si kusimuliwa. Asubuhi wanataka kipindi chake cha Tuongee Asubuhi. Dira ya Dunia ya BBC ilipoingia kwenye televisheni mwaka 2012, hapa Tanzania ilipitia Star TV, na mtu aliyemaliza kula alikuwa anabaki kumsikiliza mtangazaji wake Salim Kikeke, kisha anaagiza chai. Kwa mwenye mgahawa chai hiyo si jambo dogo.

Enzi za analojia tulivumilia chenga. Sauti ilisikika, sura ilionekana nusu, maisha yalienda. Dar es Salaam wakazimiwa mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na sisi Mwanza tukafuata mapema 2013. Digitali haina chenga. Mawimbi yakitosha picha ni safi kabisa. Yakipungua kidogo tu inaganda, inakatika vipandevipande, kisha kioo kinakuwa cheusi. Wenye vituo nao walilia wakati ule kwamba watazamaji wamepungua. Niliwaelewa. Kituo cha biashara hakipati kitu kwa mtazamaji moja kwa moja, kinaishi kwa matangazo, na anayetangaza sabuni analipia macho ya watu. Mimi nisiyelipa senti ndiye mtaji wao.

Baadaye nilihamia dishi. Mwaka 2018 TCRA, wasimamizi wa mawasiliano nchini, ikaagiza ving'amuzi vya kulipia vya satelaiti viache kubeba chaneli za ndani za bure, kwa kuwa leseni zao hazikuwa za kazi hiyo. Wateja wakaanza kuniuliza, "Mama Kulwa, Star TV yetu iko wapi?" Ikabidi nirudi kwenye antena.

Hapo ndipo nikaanza kushauriwa. Fundi wa kwanza alifunga antena juu ya bati la mgahawa, akaona inagandaganda, akaniuzia busta. Tukaiwasha. Kwenye king'amuzi mstari wa nguvu ulipanda mpaka karibu na mwisho, yeye akapiga makofi, lakini mstari wa pili, ule wa ubora, haukusogea. Picha ileile. Akasema nahitaji busta kubwa zaidi. Nikanunua. Sasa hata chaneli ya TBC iliyokuwa inaingia vizuri ikapotea! Nilikuja kuelezwa na kijana mmoja aliyesomea umeme: busta inakuza kila kinachoingia kwenye waya, mawimbi na makelele pamoja. Kama mawimbi hayafiki kwenye antena, hakuna cha kukuzwa. Fundi anayekutazamisha mstari wa nguvu na kuuficha wa ubora, mlipe nauli aende.

Mwingine alitaka nifunge vifuniko vya sufuria nyuma ya antena. Sufuria zangu zina kazi.

Dawa ilikuwa juu ya jiwe. Kwanza nilizunguka mtaa wa juu nikitazama antena za watu zimeelekea wapi. Zote zilitazama upande mmoja, na upande huo ndio uliozibwa na mlima nyuma ya mgahawa wangu. Nikapanda kwa mzee mwenye nyumba ya juu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Mama Kulwa."

Nikamweleza shida. Akasema, "Jiwe ni la Mungu, ila waya wako usipite mlangoni kwangu."

Mafundi wote walikuwa wanageuza antena juu ya bati huku mtu chini anapiga kelele "bado, bado, hapo hapo, imepotea!" Sisi tuliubeba mgahawa juu, yaani kile kinachohusika: TV ndogo ya chogo, king'amuzi, na ekstensheni ndefu ya umeme kutoka kwa mzee. Kulwa akashika antena, Doto akashika TV isianguke, mimi nikakodolea macho mstari wa ubora. Tukatembea juu ya lile jiwe hatua kwa hatua. Ajabu ni kwamba sehemu moja hakuna kitu, ukisogea kama mkono mmoja ubora unaruka. Tulipopata mahali pazuri nikapaka chokaa, ndipo tukasimika bomba la antena.

Na haikuingia Star TV peke yake. Siku hizi kituo kinatengeneza vipindi, halafu mwenye mtambo anafunga vituo kadhaa kwenye masafa mamoja na kuvirusha pamoja. Sahara na IPP, kampuni ya Mengi yenye ITV, waliungana katika kampuni moja ya urushaji, Basic Transmissions, ndiyo maana nilipoinasa Star TV, ITV ilikuja nayo.

Antena yenyewe haikuzidi bei ya sato wachache wakubwa. Hela ilikwenda kwenye waya, na hapo msibane. Nunueni ule mnene wa dishi, kipande kimoja kutoka juu hadi chini. Waya wa kuungaunga kwa gundi ya umeme mvua ikiingia umekwisha. Antena pia ifungwe kwa nati na kibano cha chuma, si kamba, maana makorongo wa Mwanza wanapenda kutua hapo, na korongo mmoja anatosha kuigeuza itazame Musoma.

Bomba nimelizamishia waya wa ethi ardhini, na radi zikianza ziwani nachomoa waya wa antena kwenye king'amuzi hata kama wateja wananung'unika. Mzee wa juu sasa anakunywa chai kwangu bure, na jirani wawili wameomba kupitisha waya zao kwenye bomba lilelile. Nimewaruhusu, ila kila mmoja alete kibano chake.