Ukunjue Mbele za Bwana

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kilichonielemea ni ujumbe wa simu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ameandika bila hata salamu. Mnajua ujumbe wa namna hiyo unavyomfanya mtu. Unausoma jioni, saa nane usiku uko macho unatazama dari, asubuhi unawagombeza watoto kwa ajili ya kiatu kisichoonekana, kumbe shida si kiatu.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipofika 2 Wafalme 19. Hezekia, mfalme wa Yuda, naye aliletewa ujumbe. Ni mwaka 701 kabla ya Kristo, Senakeribu mfalme wa Ashuru amekwisha kuiteka miji ya Yuda yenye maboma. Katika kumbukumbu zake mwenyewe, zilizoandikwa kwenye udongo, anajisifu kwamba miji hiyo ilikuwa 46, na kwamba amemfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege tunduni. Hofu ya mfalme huyu haikuwa ya kufikirika.

Na mnakumbuka sura ya 18. Hezekia alijaribu kwanza kulimaliza jambo kwa malipo: talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Alitoa fedha yote ya nyumba ya Bwana, akabandua hata dhahabu aliyokuwa ameifunika milango ya hekalu. Senakeribu akapokea, na jeshi akalituma vilevile. Mliowahi kukopa huku ili mlipe kule mnaielewa sura hiyo bila mhubiri.

Kisha ukaja waraka wa vitisho. Hezekia akausoma, akapanda nyumbani kwa Bwana, akaukunjua mbele za Bwana. Hapo ndipo nilipokaa wiki nzima. Angeweza kuomba amani ya moyo akarudi zake. Yeye aliubeba waraka wenyewe, akamwomba Mungu afumbue macho auone na ayasikie maneno ya Senakeribu. Tena akakiri kuwa ni kweli, wafalme wa Ashuru wameyaharibu mataifa. Hakujifanya haoni kwa kisingizio cha imani.

Sisi tumezoea kupita juu juu. "Baba, wewe wajua haja zetu kabla hatujaomba." Naam, anajua, Mathayo 6 inasema hivyo, lakini huyohuyo anayejua ndiye aliyesema ombeni. Basi mwambie. Bwana, ni laki tisa, mwisho tarehe 30, mkononi nina laki mbili na nusu. Mtajie bosi anayekunyanyasa. Mtajie majibu ya vipimo unayoogopa kwenda kuyachukua, na mtoto aliyefeli, na aibu unayoisikia mbele ya mawifi zako. Weka simu kitini, piga magoti, usome ule ujumbe kwa sauti, neno kwa neno, mbele zake yeye aliyeketi juu ya makerubi! Nilifanya hivyo alfajiri moja wiki hii. Kodi haikulipika siku hiyo. Ila usiku wake nililala, na Zaburi ya 127 inasema Bwana humpa mpenzi wake usingizi. Zamani niliusoma mstari huo haraka haraka.



Sasa mnivumilie, nina neno na sisi wa kanisani. Kabla ya waraka ule, Hezekia alikuwa amekwisha kuwatuma watu kwa nabii Isaya wakamwambie kwamba wana wamefika kuzaliwa na nguvu za kuwazaa hakuna. Mfalme mzima, amevaa magunia, anawatuma watu wakaseme nguvu zimeisha. Kwenye jumuiya zetu yakiulizwa mahitaji ya maombi, tunasikia "safari", "wagonjwa", "nina hitaji binafsi". Wakati huohuo mama wa watu anatokea mlango wa nyuma kuwakwepa wa marejesho. Kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, imeingia nyumba za waamini. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zisizo na leseni, lakini mikopo ya namna hiyo bado tunaichukua kwa siri, mume hajui, mke hajui. Siku ya kushindwa kulipa, wanawapigia watu walio kwenye simu yako, mchungaji akiwemo. Kwa nini mkopeshaji awe wa kwanza kutupa habari za ndugu yetu?

Kwa sababu ndugu huyo anajua tunavyopokea. Akisema ana msongo wa mawazo, tunamwambia imani yake ni haba. Akishatoka, tunamjadili. Nasi wazee wa kanisa tunasoma ahadi za matoleo kwa majina na viwango, halafu tunashangaa aliyepungukiwa haonekani Jumapili. Tuache! Nabii Eliya alipojiombea kufa chini ya mti wa mretemu, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Na wewe uliyekosa usingizi wiki kadhaa, moyo unakwenda mbio bila sababu, nenda hospitali. Maombi yataingia na wewe chumba cha daktari.

Angalieni pia jibu la Mungu kwa Hezekia lilipitia wapi. Lilipitia kwa Isaya, yuleyule aliyekwisha kuambiwa hali ilivyo.

Kwa hiyo Jumamosi hii kwenye jumuiya, anayependa aje na karatasi yake, au simu yenye ujumbe wake. Kama mwenzi wake anaweza kuja, waje wote wawili. Tutasoma, tutaomba, kisha tutakaa na kalamu tupige hesabu. Yatakayosemwa yatabaki mlemle ndani. Zaburi yetu ya wiki ni ya 55.