Pozolana mbichi kinuni

Masika ya mwaka ule nilikuwa zamu ya maabara katika kiwanda kidogo cha kusaga saruji, nje kidogo ya Moshi. Ndiyo kwanza tulikuwa tumeshusha klinka (mawe ya chokaa na udongo yaliyochomwa tanurini) kutoka asilimia 80 hadi 65, na kupandisha pozolana ya Holili (majivu ya volkano) kutoka 15 hadi 30. Asilimia 5 iliyobaki ilikuwa jasi.

Uamuzi ulikuwa sahihi, na bado nautetea. Kuzalisha tani moja ya klinka hutoa kilo 800 na zaidi za hewa ukaa, na zaidi ya nusu yake haitoki kwenye makaa wala mafuta. Inatoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe: choma kilo 100, zitabaki 56 za chokaa, 44 zimepaa. Hata tanuri likipashwa kwa umeme wa maji, gesi hiyo itatoka tu. Pozolana, mlima ulishaipika zamani. Haihitaji tanuri tena.

Usiku wa manane opereta alikuja mlangoni kwa msimamizi wa zamu.

"Mzee, kinu kimepoteza sauti."

Kinu kisicho na hitilafu hunguruma kwa ukali, mipira ya chuma ya kusagia ikigonga chuma. Kile kilikuwa kinavuma chini chini, kama kimefungiwa blanketi.

"Funga mkanda wa pozolana. Acha klinka na jasi tu, tena kidogo kidogo."

Nilichukua gramu 100 za pozolana kutoka kwenye rundo, nikazitia ovenini kwa nyuzi 105 hadi uzito ukatulia. Zikabaki gramu 87. Unyevu wa asilimia 13! Kwa kinu cha tani 8 kwa saa, pozolana ni tani 2.4, yaani zaidi ya kilo 300 za maji zinaingia kila saa kwenye kinu kisicho na chumba cha kukaushia. Unga laini ukikutana na mvuke huo hugandia mipira, mipira ikavaa koti na kuacha kusaga. Matundu ya ukuta unaogawa kinu ndani nayo huziba. Mvuke uliobaki hukimbilia kwenye mifuko ya kitambaa inayochuja vumbi, na kwa baridi ya usiku hugeuka maji, kitambaa kikashika tope. Klinka kavu ilikuwa imeanza kusugua koti lile. Sauti ikarudi taratibu.

Asubuhi kukawa na ubishi. Wengine walitaka kurudi kwenye asilimia 80 kwa hoja kwamba kukausha kutakula faida yote. Tukapiga hesabu: tani moja ya pozolana ile ina kilo 130 za maji, na kuyakausha kwa dizeli hula kama kilo 12 hadi 15 za mafuta, ambazo hutoa hewa ukaa isiyofika kilo 50. Ilinganishe na zile 800. Lakini njia bora haina dizeli: nunua akiba Januari na Februari, tandaza kwa unene usiozidi sentimita 15, geuza, kisha hifadhi chini ya bati kabla mvua hazijaanza.

Kilichonigusa zaidi ni hesabu nyingine, maana bosi alitaka kuzalisha saruji mara mbili ya awali. Klinka kutoka 80 hadi 65 ukizidisha kwa mbili ni 130: kila mfuko umekuwa msafi zaidi, ila jumla ya hewa ukaa imepanda kwa zaidi ya asilimia 60. Ili jumla ibaki palepale, klinka ingepaswa kushuka hadi 40, na hapo pozolana, bila kuhesabu jasi, inafika karibu asilimia 58, ikipita kiwango cha juu kinachoruhusiwa, asilimia 55. Nguvu ya siku za mwanzo nayo hupungua, kwa kuwa pozolana husubiri chokaa inayoachiwa na klinka ndipo ianze kushika.

Basi tukapendekeza kazi zigawanywe. Klinka nyingi iwekwe kwenye saruji ya nguzo na mihimili. Ya kufyatulia tofali na kupiga lipu ipewe pozolana zaidi, na fundi aambiwe wazi amwagilie siku 14 badala ya 7.